Likizo ya kiangazi: nifanye kibarua au nijitolee?

Swali: Ndugu zangu, mimi ni mwalimu wa hisabati kutoka Jinja, Uganda, ninayefundisha Marekani kwa viza ya J-1, yaani viza ya programu za kubadilishana. Likizo ya kiangazi imekaribia. Je, nitafute kibarua huku, au nirudi nyumbani nijitolee shuleni?

Jibu: Mwalimu, viza hiyo inakufunga kwenye kazi iliyoidhinishwa na mdhamini wako, kwa hiyo usiguse kibarua chochote kabla ya kupata idhini yake kwa maandishi.

Jibu: Rudi Julai, tafadhali, kwa kuwa muhula wetu wa pili hapa Uganda huwa bado unaendelea, na watahiniwa wa darasa la saba wanajiandaa kwa mtihani wa Novemba. Wasaidie hasa katika sehemu na asilimia, ambako wengi hukwama ubaoni, chaki mkononi.

Jibu: Mwandikie kwanza mwalimu mkuu, ndipo ukate tiketi.