Urithi wa Wenger: nimjibu nini mdogo wangu?

Mshika kibendera: Wakuu, salaam. Mdogo wangu ameanza kufuatilia mpira juzijuzi. Kwake Arsène Wenger, kocha wa Arsenal hadi 2018, ni yule mzee aliyepigwa 8-2 na Manchester United kwao Old Trafford. Mimi naishabikia Arsenal tangu ubingwa wa 1998, nikamtajia yote: ligi mara 3, Kombe la FA mara 7, msimu wa 2003/04 bila kufungwa. Akaniuliza, "Na baada ya hapo hadi 2018 ligi alichukua mara ngapi?" Hata mara moja. Nikakosa la kusema. Nisaidieni.

Beki Tatu: Anza na Kolo Touré. Mwaka 2002 kaja Arsenal kwenye majaribio, kwa mujibu wa Ray Parlour, kiungo wa timu wakati huo, akawakwatua mastaa wa ushambuliaji, Henry na Bergkamp, kisha mpira ukasogea kwa kocha, naye akapigwa ngwala. Wenger akaishia kuwekewa barafu mguuni, huku akisema kijana asajiliwe. Mwaka uliofuata akamfanya beki wa kati. Wangapi wangemrudisha nyumbani siku ileile?

Mzee wa Highbury: Mdogo wako kauliza swali zuri, na mimi kwangu urithi wenyewe uko kwenye miaka hiyohiyo anayoidharau. Klabu ilihamia uwanja mpya 2006 ikiwa na deni zito. Nahodha Vieira aliuzwa 2005, Henry 2007. Hiyo 8-2 ilikuwa tarehe 28 Agosti 2011: kiungo Fàbregas alikuwa ameondoka wiki mbili nyuma, mwenzake Nasri siku nne tu. Kikosi kilichoshuka Old Trafford kilikuwa cha vijana, wakubwa wengi wakiwa majeruhi. Sasa mwambie aangalie msimamo wa mwisho wa msimu huohuo. Arsenal nafasi ya 3! Kuanzia 1997 hadi 2016, misimu 20 mfululizo, hakutoka nne bora hata mara moja. Niliwahi kukasirika nikitaka aondoke, nakiri, na leo naumia nikikumbuka. Alikuwa analipa nyumba ambayo wengine wangekuja kuishi.

Namba Kumi: Nakubaliana na hayo yote, ila angeaga Mei 2017, siku ile alipoifunga Chelsea fainali ya Kombe la FA. Aliongeza mkataba, tukamaliza wa 6. Hakustahili kuaga vile, viti vikiwa vitupu.

Mshika kibendera: Ahsanteni sana. Jana usiku nilimwekea mechi na Leicester, 15 Mei 2004, ya mwisho ya ule msimu wa bila kufungwa. Dickov wa Leicester akatangulia kufunga, dogo akaniangalia kama nimemdanganya. Henry akasawazisha kwa penalti. Halafu ile pasi ya Bergkamp, Vieira anampita kipa, 2-1. Akairudisha nyuma mara tatu. Kisha akanyoosha kidole kwenye skrini: "Huyu beki ndiye aliyempiga ngwala kocha?"