Rangi ya kwezi hutoka wapi, na ilianzaje?

Mdau wa Nanyuki
Wanajukwaa, salaam. Nimeokota unyoya wa bawa la kwezi, yule mwenye mgongo wa buluu unaometa na tumbo la rangi ya kutu. Nikiuinamisha juani unang'aa. Nikiuweka kati ya jicho na dirisha unakuwa kahawia tu. Buluu inakwenda wapi, na ndege huyu aliipataje?

Fundi Darubini
Ndugu, buluu haimo ndani ya unyoya. Kilichomo ni melanini, ile ile inayotia nywele zetu weusi, ikiwa katika chembe ziitwazo melanosomu, ambazo hupangika kwa tabaka chini ya utando mwembamba wa keratini, protini ile ile ya kucha na nywele. Mwanga unaporudishwa na tabaka hizo, baadhi ya mawimbi huimarishana na mengine hufutana, na kwa kuwa njia ya mwanga hubadilika kila pembe inapobadilika, rangi nayo hugeuka, kama ilivyo kwa povu la sabuni. Dirishani unaona mwanga uliopenya, si uliorudishwa, ndiyo maana unaona melanini peke yake.

Msomaji wa Viumbe
Naongezea upande wa mageuzi, ambao kwangu ndio mtamu zaidi. Melanosomu za ndege wengi ni vijiti visivyo na uwazi ndani. Kwezi wa Afrika, mbali na umbo hilo la asili, wana mengine matatu: vijiti vyenye uwazi, vibapa (yaani vilivyo bapa, si mviringo), na vibapa vyenye uwazi. Hewa iliyomo huzidisha tofauti kati ya tabaka, hivyo mng'ao huwa mkali. Watafiti Rafael Maia, Dustin Rubenstein na Matthew Shawkey walionyesha mwaka 2013 kwamba nasaba za kwezi zenye maumbo hayo mapya zilibadilika rangi haraka zaidi, na hata spishi zake ziliongezeka kwa kasi kubwa zaidi.

Mdau wa Nanyuki
Ahsanteni. Basi ni madume wanaowavutia majike?

Msomaji wa Viumbe
Kwa ndege wengi wa aina ya chozi, naam: dume humeta, jike amefifia. Kwa kwezi wako jibu hilo halitoshi, kwani jike na dume hufanana. Wao huishi kwa makundi na kusaidiana kulea makinda, na si kila jike hupata nafasi ya kutaga, kwa hiyo majike nao hushindana. Mng'ao wenyewe ni wa kale mno: Microraptor, dinosau mwenye manyoya aliyeishi China miaka milioni 120 hivi iliyopita, alikuwa mweusi wa kumeta.