Verossa iliyolala juu ya mawe: niifufue au niachane nayo?

Mtoto wa Kihonda:
Wakuu, habari za jioni. Naombeni ushauri kabla sijafanya uamuzi, maana usingizi hauji.

Kuna Toyota Verossa hapa Morogoro, namba B, rangi ya fedha, imelala uani kwa mtu juu ya mawe. Wanataka milioni tatu na nusu. Bodi haijala ajali. Milango yote minne ukiifunga inaitika mara moja, haiburuzi. Kutu ipo kidogo chini ya mlango wa nyuma kushoto na kwenye kingo za buti. Taa za mbele nzima, zimefubaa tu. Dashibodi haijapasuka. Tairi zimekwisha zote. Injini haiwaki, wanasema ni betri.

Najua wengi hawaipendi kwa sura yake, ila mimi naipenda tangu niko sekondari. Je, spea zipo, na itanila kiasi gani mpaka itembee?

kipara_cha_gia:
Nunua IST mkuu. Utakuja kunishukuru.

Bi Mkubwa wa Nane Nane:
Mwanangu, kiwanja unacho? Umejenga? Mwanaume hafufui chuma cha watu wakati anapanga. Nimeona vijana wengi wanahangaika na magari mabovu huku watoto wanarudishwa shule kwa ada.

Spea Gerezani:
Mama, kaulizia spea, tumjibu spea.

Verossa ni ndugu wa damu wa Mark II GX 110. Ilitengenezwa 2001 hadi 2004, ikarithi nafasi ya Chaser na Cresta. Chini ni kulekule kwa GX 110: shokapu, bushi, bol jointi, mikono, vyote vinapatikana mpaka huko Moro. Kinachosumbua ni ngozi ya nje. Bampa, shoo, taa, boneti na fenda ni vya kwake peke yake, na kwa kuwa gari lenyewe halikuuzika sana, waliokata za spea ni wachache. Ukivunja taa moja unaweza kuisaka miezi. Kwa hiyo hizo taa nzima ndiyo habari njema kuliko zote ulizoandika. Kufubaa kunaondoka kwa msasa wa maji na polishi.

Hilo la betri usilimeze. Injini ni ipi?

Mtoto wa Kihonda:
Kwenye kava ya injini imeandikwa D-4. Kadi inasema cc 1988.

Dereva Mstaafu:
Mmenikumbusha Peugeot 504 yangu ya mabenchi. Watu walinicheka kuinunua, lakini nilipanda nayo Kitonga nikiwa na magunia ya vitunguu hadi juu ya paa, haikuchemka hata siku moja. Gia ya usukani! Vijana wa siku hizi hamjui. Niliiuza kwa shida ya msiba, na mpaka leo nikiiona 504 barabarani namsimamisha dereva ili nichungulie tu ndani. Ukiipenda gari, nunua.

Spea Gerezani:
Mzee umenigusa. Ila turudi kwenye D-4.

Injini hiyo inanyunyiza mafuta moja kwa moja ndani ya silinda, kwa hiyo ina pampu ya presha kubwa ambayo haivumilii mafuta machafu. Gari iliyolala muda mrefu, petroli iliyobaki kwenye tangi imeshaharibika. Ukiwasha kwa pupa unausukuma ule uchafu wote kwenye pampu na nozeli. Mwaga tangi kwanza. Toa plagi, tia oili kidogo kila silinda, iache ilale usiku kucha, kisha zungusha injini kwa mkono kwa spana kwenye boliti ya puli. Ikigoma, hiyo si betri. Ikizunguka, pima kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda. Fungua na kifuniko cha oili: ukikuta ute mweupe kama uji, maji yameingia, fikiria gasketi ya hedi. Mkanda wa taimingi usiuamini hata kama macho yanauona mzima, funga mpya.

wakili_wa_mitaa:
Mnafungua plagi kabla hatujajua gari ni ya nani. Kadi ina jina gani?

Mtoto wa Kihonda:
Kadi ipo mkuu, hilo lisikusumbue. Spea Gerezani, pampu ya D-4 naweza kuitoa kwenye gari gani?

Spea Gerezani:
Brevis. Mjibu wakili.

wakili_wa_mitaa:
Sijauliza kama ipo. Nimeuliza jina.

Mtoto wa Kihonda:
Sawa. Ni fotokopi. Jina ni la marehemu, anayeuza ni mke wake. Na kusema ukweli advansi nimeshatoa, milioni moja na nusu, kwa sababu kulikuwa na mteja mwingine kutoka Dodoma anaihitaji. Tumeandikishana kwa mjumbe na mashahidi wapo. Mama ni mtu wa heshima, mtaa mzima unamfahamu. Msinishambulie.

Bi Mkubwa wa Nane Nane:
Ulisema unaomba ushauri kabla ya uamuzi! Pesa ikishatoka mfukoni ushauri wa nini tena? Na mkeo anajua?

wakili_wa_mitaa:
Heshima ya mama sina shaka nayo. Ila mali ya marehemu inauzwa na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na mjane si msimamizi mpaka ateuliwe. Familia ikae kikao, muhtasari uandikwe, cheti cha kifo kiwepo, waende mahakamani. Bila hizo karatasi TRA hawatakubadilishia jina. Utaweka rangi, utafunga tairi mpya, halafu atatokea mtoto wa marehemu kutoka Mwanza aseme gari ya baba irudi uani. Fuatilia pia faini za trafiki kwenye hiyo namba. Ada ya mwaka ya gari isikutishe, ilifutwa 2017.

Mtoto wa Kihonda:
Nakuelewa, lakini mirathi wameniahidi wataifungua. Nikisubiri mpaka iishe masika itaikuta hapohapo uani, na ile kutu itakula sakafu. Nilifikiri nianze na bodi taratibu, karatasi zitanikuta njiani. Gari kama hiyo isiyo na ajali sitaipata tena kwa bei ile.

Nyuki Dume:
Wadau, mnapoteza bando. Hii ni chai.

Verossa ya cc 1988 inabeba injini ya 1G-FE, na 1G-FE si D-4. D-4 ya Verossa ni 1JZ-FSE, cc 2491. Viwili hivyo haviwezi kukaa kwenye gari moja. Huyu kaokota picha mtandaoni, kaongeza mjane na mteja wa Dodoma ili tumwonee huruma. Kesho ataomba tumchangie advansi.

kipara_cha_gia:
Ndiyo maana nilisema IST. IST haina mambo mengi.

Dereva Mstaafu:
Kumbe nimemwaga siri ya 504 yangu bure.

Spea Gerezani:
Subirini. Nyuki uko sahihi kwenye injini, ila mtu anayetunga hataji kutu chini ya mlango wa nyuma kushoto. Kuna njia mbili tu. Ama injini ilibadilishwa, ama kadi si ya gari hiyo. Kijana, nenda pale. Fungua boneti, tazama ukuta wa chuma nyuma ya injini, chini ya kioo. Namba ya chasisi imegongwa pale. Futa kwa kitambaa chenye dizeli, usisugue kwa chuma. Ikianza na GX110, ilizaliwa na 1G, walibadilisha injini. Ikianza na JZX110, ilizaliwa na 1JZ, na hiyo fotokopi uliyonayo ni ya gari nyingine.

Mtoto wa Kihonda:
Nimetoka huko sasa hivi. Nimefuta, nimemulika kwa simu, nimesoma herufi moja moja na mama akiwa pembeni. Ni JZX110. Fotokopi inasema GX110. Plate namba ya kwenye gari na ya kwenye fotokopi ni ileile.

Mama ameshtuka kuliko mimi. Anasema marehemu alikuwa na Verossa mbili, moja ilipinduka akaikata spea. Yeye hakuwahi kujua ipi ni ipi. Huenda namba zilihamishwa.

Nyuki Dume:
Naomba radhi mkuu, neno la chai nalifuta. Ila hali ni mbaya kuliko chai.

wakili_wa_mitaa:
Usitoe shilingi nyingine na usiitoe gari pale. Kama marehemu alikuwa na gari mbili, kulikuwa na kadi mbili. Itafutwe ya JZX110, asili si fotokopi, kisha chasisi ikahakikiwe TRA. Ikikosekana, dai advansi yako kwa maandishi, palepale kwa mjumbe.

Mtoto wa Kihonda:
Advansi ameshalipia ada ya shule. Hawezi kuirudisha kwa mkupuo, na mimi siwezi kumkaba mjane. Jumamosi tunapekua masanduku ya marehemu pamoja na mwanawe mkubwa. Kadi ikipatikana, mirathi inafunguliwa kwanza, hilo nimekubali. Ila siku hiyohiyo naomba nimpeleke fundi apime kompresheni, nijue nasubiri kitu gani.

wakili_wa_mitaa:
Fundi asiguse.

Spea Gerezani:
Mpeleke, mwanawe mkubwa akiwepo na akiridhia. Atoe plagi, apime, azirudishe. Tangi na waya asiguse. Na zile taa za mbele zifunikeni na gunia, watoto wasizirushie mawe.