Mdogo wangu kafa ghafla usingizini, tupime jeni?

Wakuu, alikuwa na miaka 24, postimotamu inasema moyo hauna kasoro. Daktari anashauri tupime jeni, mama anaogopa. Inasaidia kweli?

— Pole sana ndugu. Hitilafu ya umeme wa moyo, kama ile ya QT ndefu (umeme wa moyo unachelewa kujichaji upya baada ya kila pigo), mwili ukipasuliwa huoni kitu. Ulizeni kama damu yake ilihifadhiwa, waanze na hiyo, jeni mbovu ikipatikana ndo na nyie mnapimwa hiyohiyo.

— Na wazazi na ndugu wote mpigwe ECG (kipimo cha umeme wa moyo) na eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti) sasa hivi, msisubiri, maana jeni zikitoka safi bado haimaanishi hamna tatizo.

— Sisi dada alikutwa na hitilafu hiyo, yuko kwenye beta bloka, dawa za kutuliza mapigo ya moyo. Mwambieni mama si kosa lake, wa kwetu hilo ndo lilimtesa.