Binti yangu kaniuliza swali kuhusu Tom na Jerry, nimekwama. Naomba ushauri

Baba_Kadogo (mleta mada)

Habari zenu wakuu. Jambo lenyewe linaweza kuonekana dogo ila limeninyima raha tangu juzi.

Nina binti wa miaka sita. Nilipata flashi imejaa Tom na Jerry zile za zamani kabisa, za miaka ya 1940 na 1950, nikasema leo mwanangu ataona vitu vilivyomchekesha baba yake mpaka akapaliwa. Tukakaa. Anacheka, nacheka. Kikafika kile kipande mnachokijua wote: kitu kinamlipukia Tom usoni, moshi unatawanyika, paka kawa mweusi tii, midomo imevimba, nywele zimesimama vifundo vifundo na kila kifundo kimefungwa utepe. Nikacheka kwa mazoea, hata akili haijafika. Yeye akanyamaza. Akajishika kichwani, na siku hiyo alikuwa amefungwa vifundo vilevile, akaniuliza: "Baba, kwa nini paka akilipuka anakuwa kama mimi?"

Nikamwambia ni masizi tu, mama. Akanijibu: "Masizi hayafungi utepe."

Usiku nikarudia kuziangalia peke yangu. Na yule mama anayeonekana miguu na ndara tu, anayemfukuza Tom kwa ufagio! Utotoni nilidhani ndiye mwenye nyumba. Sasa namsikia anavyoongea, nashindwa hata kumeza mate.

Mke wangu anasema nifute flashi nzima. Mdogo wangu anasema tunamlea mtoto kama yai. Nifute? Niwe naruka vipande? Au nikae naye nimweleze, na kama ni kumweleza, kwa umri huo naanzia wapi?

Kipara_Ngoto

Mkuu unajitafutia ugonjwa. Hizo tumeziangalia wote na hakuna aliyedhurika. Paka anapigwa kikaango kila siku mbona hilo halikunyimi usingizi? Shikilia hapohapo kwenye masizi, yaishe.

Bint_Hamadi

Kipara, hakuna aliyedhurika wakati baba mzima anakiri kacheka kabla ya kufikiri? Mtoto kaona kwa sekunde moja kitu ambacho sisi tumekikalia miaka thelathini.

Nusu_Shari

Naweka kiti mbele, nasubiri wajuzi.

Mtunza_Kanda

Mjuzi siyo, ila nimezikusanya hizi tangu enzi za VHS, ngoja niwape kidogo.

Kwanza tuelewane kwamba hazikutengenezwa kwa ajili ya watoto. William Hanna na Joseph Barbera walizianza 1940 pale MGM, studio ya filamu ya Marekani, zikawa zinaonyeshwa kwenye kumbi za sinema kabla ya filamu kubwa, na waliojaa ukumbini wengi ni watu wazima. Huo mchezo wa kujipaka weusi na kuwaigiza watu weusi ulikuwa umeshazoeleka majukwaani Marekani miaka mingi kabla ya katuni, wachoraji waliuokota ukiwa tayari. Televisheni ndiyo iliyokuja baadaye ikazibandika jina la "za watoto".

Huyo mama wa ndara aliitwa Mammy Two Shoes. Sauti ni ya Lillian Randolph, mwigizaji mweusi. NAACP, chama cha kutetea haki za Wamarekani weusi, kililalamikia namna alivyochorwa, na baada ya 1952 hakuonekana tena. Ikafika miaka ya 1960, katuni zinauzwa kwa televisheni, wakachora upya baadhi ya vipande wakamgeuza mwanamke mweupe mwembamba, sauti wakaweka ya June Foray. Kwa hiyo kuna watu humu watakaoapa kwamba yule mama alikuwa mzungu, na hawasemi uongo, ndicho walichoonyeshwa.

Hapo ndipo mimi napata kichefuchefu kuliko hata kwenye mlipuko. Mwanamke mweusi kafanya kazi yake, halafu wanakuja kuifuta sauti yake na kuweka ya mwingine, eti ndiyo kumheshimu!

Kwa hiyo kufuta hakukuanza leo. Mwaka 1968 katuni 11 za Warner, studio nyingine ya Marekani, ziliondolewa kwenye zile zinazogawiwa vituo vya televisheni, kwa sababu hizihizi. Siku hizi wengi wanaacha kazi ilivyo na kutanguliza onyo. Warner wanaandika kwamba hayo yalikuwa makosa wakati ule na ni makosa leo, na kwamba kuyaficha ni sawa na kudai hayakuwahi kuwepo. Disney nao mwaka 2020 waliweka onyo kali zaidi kwenye Dumbo, Peter Pan na nyingine, kisha 2021 wakaziondoa kwenye akaunti za watoto wadogo. Mtu mzima anaziona, mtoto hazioni mpaka akae na mkubwa. Mleta mada, mimi ningefuata njia hiyo.

Kipara_Ngoto

Sawa mwalimu, nakukubalia historia. Lakini ni nani anayeamua kipi kinaudhi? Speedy Gonzales, yule panya wa Meksiko, kituo cha televisheni cha Cartoon Network cha Marekani kilimweka kando 1999 kwamba anawadhalilisha Wameksiko. Waliodai arudishwe wakawamo haohao Walatini, yaani wenye asili ya Amerika ya Kilatini, walikuwa wanampenda! 2002 akarudi hewani.

Mtunza_Kanda

Hilo nakupa. Ila Speedy ndiye mwerevu wa kwenye hadithi, kila siku anamshinda paka. Tom akilipuka, kichekesho ni ile sura yenyewe, hakuna kingine. Ondoa sura, hakuna cha kuchekesha.

Mama_Pacha

Nyie mnabishana, mtoto wa watu anasubiri jibu.

Baba Kadogo, yalinikuta na Peter Pan ya 1953, ile sehemu ya wenyeji wa Amerika wanaoitwa watu wa ngozi nyekundu. Kosa langu lilikuwa kuanza na mhadhara. Nilianzia utumwa, watoto wakasinzia. Mara ya pili nikabonyeza rimoti picha ikasimama, nikauliza, "Mmeona nini hapo?" Basi. Walisema wenyewe, na walikuwa wameona kuliko mimi.

Wako ameshakuambia alichoona, sasa anangoja ukubali. Ondoa hilo jibu la masizi kwanza maana anajua si kweli, na akikushika uongo kwenye dogo hatakuletea kubwa. Mwambie: aliyechora alikuwa anawacheka watu wenye ngozi na nywele kama zetu, alifanya vibaya, na mimi nilicheka kwa sababu nilizoea nikiwa mdogo. Hayo yanamtosha kwa miaka sita. Lillian Randolph atamkuta akifika kumi.

Kuruka vipande sikushauri, utajikuta umekaa na rimoti kama mlinzi wa geti.

Nusu_Shari

Na kama itafutwa, mleta mada, usisahau kunitumia kwanza.

Baba_Kadogo (mleta mada)

Wakuu nimerudi, samahani kwa ukimya.

Nimefuata ya Mama Pacha. Nilianza na kukiri kwamba masizi ilikuwa danganya toto. Akasema, "Nilijua." Nikamweleza yale mengine kwa ufupi kama ulivyosema. Akafikiri, akauliza aliyechora yupo wapi. Nikasema wamekufa zamani. Akauliza kama walisema samahani. Hapo sikuwa na jibu, nikasema sijui.

Akaenda kuchukua penseli za rangi. Karudi na Tom wake aliyelipuka: kijani mwili mzima, masharubu yamejiviringisha kama springi, jicho moja liko sikioni. Nimecheka kwelikweli. Nikamuuliza mbona hana utepe.

"Utepe ni wangu."

Flashi ipo juu ya kabati. Mama yake bado anasema ifutwe, hilo tunaendelea nalo.