Mbegu ya alasi aliyotuachia babu: je, tuendelee kuipanda?

Mjukuu wa Hajar ameuliza:

Assalamu alaykum, ndugu zangu. Mimi ni mzaliwa wa Unguja ninayeishi Oman. Ukoo wa baba yangu una vijishamba katika kijiji kimoja cha milima ya Hajar, ambako maji ya falaji, yaani mfereji wa kijiji, hugawanywa kwa zamu na ngano hupandwa kuanzia Novemba, pembezoni mwa mitende, ikavunwa mwezi wa Machi au Aprili. Marehemu babu alikuwa akiotesha ngano ambayo wenyeji huiita alasi. Punje zake haziachani na kumvi hata baada ya kupurwa, hivyo bibi zetu walikuwa hawana budi kuitwanga kinuni kwanza ndipo waisage au waipike. Sasa tumebakiwa na nusu gunia tu, na ami yangu anasema kwamba mwaka huu atapanda majani ya mifugo mahali pake, kwa kuwa unga wa dukani unapatikana kwa urahisi na hakuna tena mtu wa kushika mchi.

Ninaumia kuona mbegu hiyo inapotea mikononi mwetu, lakini sitaki kumpinga ami kwa hisia peke yake. Je, ni kweli kwamba ngano hizi za kale zina lishe kuliko ngano ya kisasa? Je, mtoto wa dada yangu, ambaye ana ugonjwa wa siliaki (utumbo wake hudhurika akila ngano ya kawaida), anaweza kuila kama tulivyoambiwa na jirani? Na hiyo nusu gunia tuihifadhi vipi?

Mtaalamu wa mimea, Morogoro, amejibu:

Wa alaykum salaam. Hiyo alasi ndiyo ngano ambayo wataalamu huiita ema, mojawapo ya mazao ya kwanza kabisa ambayo binadamu alianza kuyalima, yapata miaka 10,000 iliyopita, katika nchi za kuanzia Palestina hadi kusini mwa Uturuki na Irak. Ina kromosomu (nyuzi za urithi zilizo ndani ya kila seli) 28, ilhali ngano ya mkate ina 42. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos pamoja na wenzao wa Ujerumani walitangaza mwaka 2004 kwamba bado inalimwa katika vijiji vya Oman. Ethiopia nako haijatoweka: wakulima wa Bale na Arsi huilima kwa jina la aja, na uji wake mzito hupewa mwanamke aliyejifungua.

Kuhusu lishe, ninaomba tuwe waangalifu, kwa sababu wauzaji wengi husema zaidi ya wanayoyajua. Ushahidi ninaouamini kuliko wote unatoka Rothamsted, Uingereza, ambako ngano imekuwa ikilimwa katika shamba la Broadbalk tangu mwaka 1843 na sampuli za punje na udongo zikawekwa akiba. Zilipopimwa, na matokeo yakachapishwa mwaka 2008, ilionekana kwamba zinki, chuma, shaba na magnesi katika punje vilikaa katika kiwango kilekile hadi katikati ya miaka ya 1960, kisha vikaanza kushuka pale zilipoingia ngano fupi zenye mavuno makubwa, ingawa udongo wenyewe haukuwa umepungukiwa na madini hayo. Sababu mojawapo ni kwamba mmea ulijaza wanga mwingi zaidi katika punje, na madini yakawa machache kwa kila kilo.

Ngano ya kale, basi, mara nyingi huwa na madini na protini zaidi kwa uzito uleule, lakini hutoa mavuno machache, na kiwango hutegemea pia udongo na mbolea. Tena, ukiikoboa ukabakiza unga mweupe mtupu, umekwisha kuitupa sehemu kubwa ya madini hayo pamoja na pumba na kiini. Bibi zenu waliondoa kumvi tu wakaila punje nzima, na hapo ndipo palipokuwa na faida.

Mama wa mtoto mwenye siliaki, Mombasa, amejibu:

Dada, ninakusihi usimpe mtoto huyo alasi. Maneno kama ya jirani yenu niliambiwa na mimi. Ngano zote, ziwe za kale au za kisasa, zina gluteni, yaani protini inayomdhuru mgonjwa wa siliaki, na shayiri nayo inamdhuru vilevile. Ni kweli kwamba gluteni ya ngano za kale inatofautiana kwa kiasi fulani na ile ya ngano ya mkate, lakini tofauti hiyo haimkingi mgonjwa: utumbo wake huendelea kuharibika hata kama tumbo halimuumi siku hiyo. Mpeni mchele, mahindi, mtama, uwele au ulezi uliosagwa katika kinu kisichosaga ngano.

Mkulima wa ngano, Njoro, amejibu:

Mimi nitamjibu ami. Mwaka 1998 kutu ya shina, ugonjwa wa ngano unaoletwa na kuvu, ya aina mpya ilionekana Uganda, ikaitwa Ug99, kisha ikaingia kwetu Kenya na kuteketeza ngano ambazo tulidhani zina kinga. Tangu hapo maelfu ya aina za ngano kutoka nchi nyingi hupandwa hapa Njoro ili kupimwa dhidi yake. Jeni (chembe ya urithi) mojawapo inayoizuia kutu hiyo, Sr35, ilitoka katika ngano ya kale ya kromosomu 14, na nyingine, Sr2, ilichukuliwa kutoka kwenye ema iliyoitwa Yaroslav na kuingizwa katika ngano ya mkate huko Marekani mapema katika karne ya 20. Kama wakulima wa zamani wangalizitupa mbegu hizo kwa kuwa zinachosha kutwanga, sisi tungetafuta wapi kinga?

Mbegu ya kupanda msiitwange. Iacheni ndani ya kumvi, kwa maana hupandwa hivyohivyo na kumvi huikinga dhidi ya wadudu. Ikausheni vizuri kivulini, muitie katika vyombo visivyopitisha hewa, muandike jina, kijiji na mwaka wa mavuno, kisha muweke mahali pa baridi. Sehemu yake ipelekeni kwa kituo cha taifa cha rasilimali za kijenetiki hapo Oman. Msiweke zote mahali pamoja: benki ya mbegu ya ICARDA, kituo cha kimataifa cha utafiti wa kilimo cha nchi kavu, iliyokuwa karibu na Aleppo, Syria, ilipofikiwa na vita, nakala zake zilizokuwa katika ghala la mbegu la Svalbard, Norway, ndizo zilizochukuliwa mwaka 2015 zikapandwa upya Lebanon na Morocco. Hata hivyo kijishamba kimoja kiendelee kupandwa kila mwaka, kwa sababu mbegu iliyo katika baridi haijifunzi joto jipya wala ukame mpya. Ngano hujichavusha yenyewe kwa kiasi kikubwa, hivyo haitachanganyika sana na ya majirani.

Mjukuu wa Hajar amejibu:

Ahsanteni sana. Nimemsomea ami majibu yenu yote, na habari ya Aleppo imemgusa. Amekubali kuacha vipande viwili karibu na mfereji kwa ajili ya alasi, na dada amekwisha kuelewa kuhusu mtoto. Kilo tano tutazipeleka kituoni. Ami ameweka sharti moja tu: mavuno ya kwanza yatwangwe na vijana wenyewe, kisha yapikwe bokoboko kama alivyokuwa akipika bibi.