Walimu wote wenye digrii wanaanza ngazi moja ya mshahara serikalini, TGTS D. Pengo la kijinsia nilitafute wapi?

BintiMoro: Habari wadau. Nasoma uzamili, utafiti wangu ni tofauti ya kipato kati ya walimu wa kike na wa kiume wa serikali katika halmashauri moja. Msimamizi ameurudisha. Anasema mwalimu mwenye digrii anaanza TGTS D, awe Asha awe Juma, kwa hiyo hakuna cha kutafiti. Mimi naamini kipo. Nianzie wapi?

MzeeWaMasijala: Binti, usikiache. Nimefanya kazi idara ya utumishi hadi nikastaafu, majalada ya walimu nayajua. Ngazi ya mshahara ni moja, tofauti iko kwenye kinachoongezwa juu yake. Mwalimu mkuu wa shule ya msingi alipangiwa posho ya madaraka 200,000 kwa mwezi, mkuu wa sekondari 250,000. Hesabu ni wanawake wangapi wanaishika. Halafu tazama nani anaitwa kusahihisha mitihani ya taifa. Mama mwenye kichanga haendi kambi ya usahihishaji, na hakuna karatasi kwenye jalada lake inayoonyesha alichokosa!

Mpe msimamizi wako habari za madereva wa mabasi na treni za umma kule Boston, Marekani. Wachumi wawili, Bolotnyy na Emanuel, walipekua kumbukumbu za malipo yao. Chama kimoja cha wafanyakazi, malipo ya saa yaleyale, lakini kwa kila dola moja aliyopata mwanamume, mwanamke alipata senti 89. Wanaume walichukua zaidi saa za ziada, hasa zile za kuitwa ghafla, na wanawake walichukua zaidi likizo zisizo na malipo.

Kwa hiyo omba orodha isiyo na majina wala cheki namba (namba ya mtumishi kwenye malipo ya mshahara): jinsi, tarehe ya ajira, tarehe ya kupanda daraja, cheo, posho. Linganisha walioajiriwa mwaka mmoja.

MwalimuMamaJ: Orodha haitatosha, mdogo wangu. Mimi niliteuliwa ualimu mkuu, shule iko ng'ambo ya mto, nyumba ya mwalimu hakuna, mume anafanya kazi mjini, watoto wawili wadogo. Nikakataa. Atakayesoma kumbukumbu atasema sikutaka cheo. Watafute waliokataa, uwaulize walipangiwa wapi.

BintiMoro: Shikamoo Mzee, asante dada. Barua za kukataa uteuzi naweza kuzipata?

MzeeWaMasijala: Marahaba. Ziko kwenye jalada binafsi, hilo ni siri. Pata kwanza kibali cha Mkurugenzi, kisha waombe maafisa elimu kata wakukutanishe na wenyewe.